Muulize Anko: Jumba la Mreno lilikufaje?

Wadau, safari hii sanduku la maswali limejaa Ureno tupu. Kuna video imezunguka kwenye magrupu mpaka bibi yangu kanitumia, na kila mtu ana swali lake, kwa hiyo nimeokota machache yenye nyama nijibu, mengine yamefanana.

SWALI: Anko shikamoo. Kuna video jamaa mzungu anaingia na tochi kwenye jumba kubwa limeachwa huko Ureno, ngazi za mawe, vigae vya bluu vyenye picha ukutani, mti umeota sebuleni. Sehemu moja wameandika Palácio de Valflores. Mke wangu anasema ni la majini ndo maana wenyewe walikimbia, mimi nasema hakuna tajiri anayekimbia nyumba. Tuamue. Afu lilikuwa la nani? (Baba Wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba Baba Wawili. Msalimie shemeji umwambie majini hayahusiki, ila na wewe usishangilie, matajiri wanakimbia nyumba kila siku tena nyumba nzuri kweli, wanachokimbia ni gharama na ndugu.

Video za namna hii huwa zinaunga majumba matatu manne ionekane moja, kwa hiyo nashika hilo lenye jina. Valflores liko Santa Iria de Azóia, eneo la Loures, pembeni tu ya Lisbon, linautazama mto Tejo. Lilijengwa karne ya 16 na mwenye nyumba alikuwa Jorge de Barros, ambaye hakuwa mfalme wala mtoto wa mfalme, alikuwa wakala wa biashara wa mfalme João wa Tatu kule Flanders, eneo ambalo sehemu kubwa leo ni Ubelgiji. Sasa hapa ndo penye utamu. Miaka ile pilipili manga na viungo vingine kutoka India vilikuwa vinashushwa Lisbon, afu mzigo mkubwa unapelekwa Antwerp ambako wanunuzi wa Ulaya ya kaskazini walikuwa wanakusanyika, na Ureno ilikuwa na ofisi yake ya mauzo pale kuanzia 1508 hadi ilipofungwa 1549. Mtu aliyekalia kiti cha wakala kule anauza kwa niaba ya mfalme, anakopa kwa niaba ya mfalme, hela yote inapita mbele ya pua yake. Halafu akirudi nyumbani anashusha jumba lenye baraza ndefu ya nguzo kwa mtindo wa kisasa wa enzi hizo. Sisi wa Dar tunajua kusoma habari kama hiyo bila miwani, na mimi sisemi kitu.

Na usidhani pilipili ilitokea hewani. Mreno alipofika huku alikuta mfanyabiashara wa Kiswahili na wa Kihindi wameshaupanga mchezo zamani, vitambaa vya Gujarat vinaletwa pwani yetu, vinauzwa Sofala, bandari iliyopo Msumbiji ya leo, kwa dhahabu, dhahabu inapelekwa India. Akaona huo ndo mtaji wa kununulia pilipili ya Malabar, pwani ya kusini magharibi ya India. Akaingia katikati kwa mizinga. Kwa hiyo ukiona nguzo ya Valflores kwenye video jua kuna jasho la watu wa pwani hii mle ndani, japo mzungu wa tochi hakulisema.

Sasa kufa. Watu wengi wakisikia majumba ya Ureno yameanguka wanakimbilia tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755, na ni kweli lile lilikuwa balaa, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote watu wako makanisani mishumaa inawaka, ardhi ikatikisika, bahari ikaja juu, moto ukamalizia. Ikulu ya mfalme iliyokuwa pale mtoni, Paço da Ribeira, ikaondoka na maktaba yake na hazina yake, na jirani yake jumba la opera ambalo lilikuwa limefunguliwa mwaka huohuo, halijamaliza hata miezi minane. Mfalme José alipona kwa sababu familia ilikuwa imetoka kuelekea Belém, na toka siku hiyo akagoma kulala chini ya paa la mawe, akajengewa ikulu ya mbao juu ya kilima cha Ajuda. Ya mbao nayo ikaja kuungua 1794. Wakaanza ya mawe hapohapo, afu Napoleon akatuma jeshi, mwishoni mwa Novemba 1807 familia nzima ya kifalme ikapanda meli ikahamia Brazil, mfalme hakurudi mpaka 1821, na ile ikulu ya Ajuda upande mmoja ukabaki haujaisha miaka na miaka, wamekuja kuufunga juzijuzi 2022 walipofungua jumba la makumbusho la vito vya kifalme. Wewe unayemlaumu fundi wako wa Goba kwa kuchelewesha linta, mwache apumzike.

Lakini haya ndo ninayotaka uyaelewe Baba Wawili: tetemeko na vita vinaangusha jumba siku moja, na jumba la siku moja watu wanalijenga tena, Lisbon yenyewe ilijengwa tena. Yale ya kwenye video hayakuangushwa na tetemeko. Yaliuliwa polepole na maji ya mvua, na maji yaliingia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na wajibu wa kupanda juu ya paa.

Nikuelezee kifo chenyewe kilivyo maana nimewahi kufanya kazi na mafundi wa majengo ya zamani hapa mjini na ugonjwa ni uleule. Kigae kimoja cha paa kinateleza. Tundu la kuingia mkono tu. Mvua inapita pale inafuata boriti mpaka pale kichwa cha boriti kilipoingia ukutani, na pale ndo pabaya kwa sababu ukuta ni wa mawe na chokaa, unanyonya maji na haukauki, kwa hiyo kichwa cha boriti kinaoza kikiwa kimefichwa, kwa nje unaona mbao nzima kabisa. Miaka inapita. Siku boriti inaachia, sakafu ya juu inashuka na ya chini yake, na kuta zilizokuwa zimeshikiliwa na sakafu zile zinabaki zimesimama peke yake, ndefu, hazina kitu katikati, zinaanza kutoka tumbo. Mbegu zinaletwa na ndege. Mti wa sebuleni uliouona ndo huo, na sauti zinazomtisha shemeji usiku ni mbao zinalowa na kukauka, pamoja na bundi.

Vigae vya bluu navyo vina kisa chao. Kila kimoja ni kama sentimeta 14 kwa 14, na picha kubwa ya ukutani, labda ya mawindo au ya meli, imegawanywa kwenye vigae mamia. Ukikibandua ukakigeuza nyuma unakuta fundi wa zamani ameandika herufi na namba kwa brashi, ili anayebandika ajue kipi kinaenda safu gani. Mwizi hajali namba. Anakuja na patasi, anabandua vile vyenye sura ya mtu au maua maana ndo vinauzika, vingine vinavunjika anaviacha chini, kesho utavikuta kimoja kimoja mnadani. Picha ya vigae mia tano ikishatawanyika hivyo hata ukiipata nusu yake hujapata kitu. Hali ilikuwa mbaya mpaka 2007 makumbusho ya polisi wa upelelezi wa Ureno wakaanzisha mradi unaitwa SOS Azulejo, wanaweka picha za vigae vilivyoibwa hadharani ili mnunuzi asije kusema sikujua, na 2017 ikapita sheria ya kuzuia watu kubomoa kuta za nje zenye vigae hivyo.

Valflores lenyewe liliwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa 1982, wakati lilishachoka vibaya. Kuwekwa kwenye orodha hakuzibi paa. Ila baadaye halmashauri ya Loures ikalichukua na kazi ya kuimarisha kuta imefanyika, kwa hiyo angalia tarehe ya video yako, inawezekana unaangalia hali ya zamani.

SWALI: Anko, umemjibu mdau mmoja huko inbox kwamba majumba ya Ureno yameuliwa na ndugu. Mbona wazungu wana sheria na mawakili, iweje washindwe kugawana nyumba kama sisi? Nauliza kwa uchungu, kwetu Ilala tuna nyumba ya marehemu babu. (Dada wa Ilala)

JIBU: Pole dada. Washindwe wapi, wanagombana vizuri tu, tena kwa karatasi zenye mihuri.

Zamani Ureno kulikuwa na utaratibu wanauita morgadio. Mali ya ukoo haigawanywi, haiuzwi, inashuka nzima kwa mtoto wa kwanza wa kiume, wadogo zake wanaenda upadri, jeshini, au wanapanda meli kuja kututafuta sisi huku. Utaratibu wa kikatili kwa wadogo na kwa wanawake, mimi siutetei hata kidogo, ila kwa jumba ulikuwa bima, kwa sababu shamba lililokuwa linalilisha jumba na jumba lenyewe vilikuwa mkono mmoja na mtu wa kumlaumu paa likivuja alijulikana. Ukafutwa 1863. Kuanzia hapo baba akifa watoto wote wana fungu, haki tupu, na mashamba yakaanza kukatwa vipande. Sasa shamba unaweza kulikata, jumba la vyumba arobaini utalikataje? Likabaki jina la wote. Kizazi cha pili wenye jina kumi na mbili, cha tatu usiulize, mmoja São Paulo, mmoja Paris, mmoja hataki kuuza kwa sababu alizaliwa chumba cha juu, mmoja anataka kuuza jana. Kuuza jumba lenyewe kunataka sahihi za wote. Na kubadilisha vigae vya paa hakuna anayetaka kuanza yeye, maana atatoa hela yake kutengeneza mali ya wengine kumi na moja.

Dada, hii si hadithi ya Ureno, hii ni nyumba ya Kariakoo au ya kwenu Ilala, bati limetoboka chumba cha uani, mpangaji anaweka ndoo, kila ndugu anakuja kuchukua kodi yake tarehe moja na hakuna anayenunua bati. Tofauti ni kwamba Kariakoo kiwanja kina bei ya kutisha kwa hiyo anatokea mtu anavunja anapandisha ghorofa, kule kijijini Ureno kiwanja hakina mnunuzi ndo maana gofu linabaki limesimama watu wanakuja na tochi.

Na yapo mengine yaliyosukuma. Oktoba 5, 1910 ufalme ukaangushwa, vyeo vya kikabaila vikafutwa, wale waliokuwa wanaishi kwa kuwa karibu na mfalme wakabaki na bili. Lisbon na Porto serikali ikaja kugandisha kodi za nyumba 1948 na ikaendelea hivyo kwa miaka mingi, mwenye nyumba anapokea kodi isiyonunua hata ndoo ya chokaa, akaacha jengo lioze. Lakini mimi ukiniuliza bado nasema mirathi ndo namba moja.

Kwa upande wenu nendeni Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, mteue msimamizi mmoja wa mirathi mnayemwamini, asiwe anayeongea sana, na kwenye kikao hichohicho mkubaliane kwamba sehemu ya kodi inakwenda kwenye paa kabla ya mgao wowote. Andikeni, msikubaliane kwa mdomo.

SWALI: Anko mambo. Babu yangu ni mtu wa Kilwa na alikuwa anasema Wareno walichukua dhahabu yetu wakajengea majumba yao. Ni kweli au ni maneno ya wazee? (Kijana wa Mbagala)

JIBU: Poa kijana, na babu yako mheshimu. Ushahidi upo Lisbon kwenye kabati la kioo, na umeandikwa na mwizi mwenyewe.

Mwaka 1502 Vasco da Gama kwenye safari yake ya pili alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa wakati huo, Amir Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme Manuel. Ikalipwa mithkali 1,500, mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu. Ile dhahabu ilifika Lisbon na mfalme akaagiza itengenezwe chombo cha kanisani cha kuonyeshea ekaristi, kinaitwa Custódia de Belém, kina urefu wa sentimeta sabini na kitu, mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, kazi ya mkono ya sonara Gil Vicente. Chini yake wameandika kwa maandishi ya enamel kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikaisha 1506. Hawakuficha. Wao waliona ni sifa. Kipo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale pale Lisbon mpaka leo.

Na angalia tarehe. Kati ya kupokea kodi na kumaliza chombo, Julai 1505, Francisco de Almeida alikuja na kikosi chake akaipiga Kilwa hiyohiyo iliyokuwa imeshalipa, akajenga ngome, mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Ngome ya Kilwa Wareno wenyewe waliiacha 1512.

Kuhusu majumba, sema hivi ili usibishwe na wajuaji: ile dhahabu ya kodi iliishia kwenye chombo, ila nyumba ya watawa ya Jerónimos kilipowekwa chombo hicho ilijengwa kwa ushuru wa asilimia tano uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Hapo babu yako ana pointi nzima.

SWALI: Naomba kujua kama Mtanzania naweza kununua gofu la Ureno bei ya kutupa nikalifanya hoteli. (Mjasiriamali, Mikocheni)

JIBU: Bei ya kutupa ni ya gofu, si ya kulitengeneza. Boriti, paa, umeme, maji, na kila kitu mpaka idara ya urithi ikubali, huwezi kuweka madirisha ya alumini ukajisahau. Jengo likiwa kwenye orodha ya kulindwa serikali ina haki ya kununua kabla yako. Ile njia ya kupata kibali cha kuishi kwa kununua nyumba waliyoianzisha 2012 waliifunga upande wa nyumba 2023, kwa hiyo dalali akikuambia bado ipo mkimbie. Kilichopo ni mpango wa Revive wa tangu 2016, serikali inakodisha majengo yake ya kihistoria kwa wawekezaji wayakarabati wafanye hoteli, la kwanza lilikuwa nyumba ya watawa ya São Paulo mjini Elvas, hoteli ikafunguliwa 2019. Wanaoingia humo ni makampuni yenye kifua. Wewe anza na lodge Kigamboni.

SWALI: Anko, kwa hapa Dar kuna jumba lolote la Mreno lililoachwa tukapige picha? Tuko wanne, tuna kamera. (Wanafunzi, Ubungo)

JIBU: La Mreno Dar hakuna, Mreno hakujenga ikulu hapa. Ila mnanishangaza, mji wenu wenyewe ulianza na jumba lililoachwa na hamjui.

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, akajijengea jumba lake hapa mbele ya bandari, na 1867 ikajengwa nyumba ya wageni wake. Akafa 1870. Aliyemrithi, Barghash, hakuwa na mpango na mji wa kaka yake, watu wakarudi Zanzibar, jumba likabaki linaanguka lenyewe. Ila ile nyumba ya wageni ipo, ndo Boma la Zamani pale Sokoine Drive ng'ambo ya boti za Zanzibar, kila siku mnapita mnawahi boti. Kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa kuchonga, boriti. Ingieni, kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar, wanaongea na wageni vizuri.

Mkipata nauli vukeni Zanzibar mkaone Maruhubi, jumba la Barghash, liliungua 1899 zikabaki nguzo, magofu ya bafu na mifereji. Na mpite Beit al-Ajaib hapohapo Mjini, la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 watu wawili wakafariki, sio la Mreno wala halikuachwa, lilikuwa linakarabatiwa.

Lakini kama ni gofu la kuwatoa pumzi nendeni Kilwa Kisiwani. Kama kilometa 300 kutoka Mbagala hadi Kilwa Masoko, mnalala, asubuhi mnachukua kibali na mwongozaji pale Masoko kabla ya kupanda mashua. Kila mtu hukimbilia Gereza, ile ngome ufukweni, Mreno alianzia hapo ila kuta nyingi mnazoziona ni za wakati wa Waomani. Mkimaliza mwambieni mwongozaji awapeleke Husuni Kubwa, wengi wanaikwepa kwa uvivu wa kutembea. Hilo ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, vyumba zaidi ya mia moja, kisima cha kuogea chenye pembe nane, limekaa kwenye genge juu ya bahari. Lilikuwa limeshaachwa kabla Mreno hajaijua njia ya kuja, kwa hiyo hata hilo msimsingizie.

Vaeni viatu vilivyofunikwa, msipande juu ya kuta, msiokote kipande cha chungu hata kidogo kwa kumbukumbu, na droni muombe ruhusa kwanza. Mashua inafuata maji, mkichelewa mwenyewe atawaacha.